Kilio cha Magunia Sitini

Kwanza tuelewane: Hilaire hakuwa mtu mbaya. Wanaosema eti alimtoa mama yake kafara hawajui wanalosema, na wengi wao ndio waliokuwa wa kwanza kucheka. Alikuwa mhasibu, amesoma kwa mapadri, hajawahi kuiba hata kalamu ya kiwanda. Alichokifanya alikifanya kwa kumpenda mama yake, na hapo ndipo palipo na uchungu wote.

Mama yake, Albertine, alikuwa mbali. Miaka mitatu iliyopita, Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walipofukuzwa Likasi mtaa kwa mtaa, alipakiwa kwenye treni pamoja na maelfu ya wenzake akarudishwa "kwao," Mwene-Ditu, mji aliouacha akiwa bibi harusi mchanga na ambako sasa hakumjua hata muuza chumvi. Hilaire alibaki. Mkewe, Colette, alikuwa Msanga, mtoto wa Katanga, na kaka zake walikuja na mapanga wakasimama mlangoni wakasema shemeji yetu haguswi. Shemeji waliweza kumkinga. Mama wa shemeji hawakuweza, au hawakutaka, na mpaka leo hakuna anayependa kuulizwa lipi kati ya hayo mawili.

Tangu siku hiyo Hilaire alikuwa na haja moja tu duniani. Mama arudi Likasi. Aishi hapo siku zake zilizobaki, na siku akifa, azikwe kando ya baba, na watu wa Likasi wamlilie. Kule Mwene-Ditu angemlilia nani? Kila alipotuma salamu kwa redio ya phonie ya parokia, jibu la mama lilikuwa lilelile: "Mwanangu, nitafutie nafasi nirudi. Huku mimi ni mgeni." Na sasa mji ulikuwa umepoa kidogo, Wakasai wachache wameanza kurudi kimyakimya. Kilichokosekana kilikuwa nauli, na nauli ilitegemea kazi, na kazi ilitegemea shaba ya Patron Carlos.

Patron Carlos alizaliwa palepale, baba Mreno, na Kiswahili cha mji alikizungumza vizuri kuliko Kireno. Kiwanda chake kilikuwa karakana moja ya bati lililotoboka. Wanaume waliofanya kazi humo walitoka kwenye makampuni makubwa yaliyokuwa yanakufa mbele ya macho ya watu. Walinunua shaba chakavu, wakaiyeyusha, wakaimimina kuwa mikuo, vipande vizito vya shaba vyenye umbo la matofali, na lori likaipeleka kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa hadi baharini na Ulaya. Tanuri lilijengwa litumie umeme wa maji kutoka bwawa la Koni. Lakini nyaya za njiani ziliibwa, zikarudishwa, zikaibwa tena, na Carlos akachoka kungoja. Akajenga tanuri la pili la matofali, likawa linakula makaa ya kuni yaliyoletwa na watu wa baiskeli kutoka porini, magunia juu ya magunia.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka faksi ilipoingia. Mnunuzi wao, kampuni ya nchi za kaskazini huko kwenye theluji, alisema kwamba kwao serikali imekwisha kuanza kutoza kodi ya kaboni, yaani kodi ya ule moshi unaotoka kwenye vitu vinavyochomwa. Tena Ulaya nzima inazungumza kodi hiyo idaiwe hata mpakani, kwa bidhaa zinazotoka nje. Mnunuzi hakutaka kungoja. Kuanzia mkataba ujao, kila muuzaji aeleze amechoma nini kupata tani moja ya shaba, na kadiri ya moshi huo bei itakatwa. Chini kulikuwa na jedwali: umeme wa wapi, mafuta ya dizeli kiasi gani, makaa ya mawe kiasi gani, na mstari wa mwisho, "nishati nyingine, zitaje." Mjumbe angekuja kukagua.

Carlos aliisoma faksi hiyo akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Hilaire, unaona? Bantu banatozwa kodi ya moshi! Moshi!" Akaangalia dirishani, kule ambako tanuri la matofali lilikuwa linatoa moshi mweusi kwa raha zake. Makaa kwa Kiswahili cha mji ni makala. "Uliangalia ile makala yetu? Kama unaandika yote, tunakwisha."

Hilaire alikuwa amekwisha kupiga hesabu kichwani. Alitwaa makaa yote ya miezi sita, akayapa moshi uleule wa makaa ya mawe, maana hakujua hesabu nyingine, na akaona faida yote inayeyuka kabla ya shaba. "Patron, kama banakata bei vile, mukataba hauna maana. Tunafunga."

"Basi usiandike makala."

"Iliingia ku mulango na hati, Patron. Ilinunuliwa. Lazima ikae fasi fulani."

"Weye njo comptable," Carlos akasema, yaani mhasibu ni wewe. "Itafutie fasi."

Na Hilaire, Mungu amsamehe, akaitafutia. Siku mbili alihangaika na makaa yale. Mengine aliyahamishia jikoni, kana kwamba wapishi wa kiwanda walikuwa wanapikia jeshi. Mengine aliyaweka kwenye posho, kwamba waligawiwa wafanyakazi pamoja na unga. Kila alipopunguza, moshi wa kiwanda ukapungua kwenye jedwali, mpaka mhasibu mwenyewe akaanza kuamini kuwa hewa ya Likasi imekuwa safi. Mwishowe yakabaki magunia sitini yasiyokuwa na pa kwenda. Posho ilikuwa imejaa kupita kiasi, na kuongeza jikoni kungekuwa kichekesho.

Hapo akakumbuka msaada wa kilio.

Kila kiwanda cha Likasi kilikuwa na desturi hiyo, hata katika miaka ile ambayo mishahara yenyewe ilikuwa hadithi. Mfanyakazi akifiwa na mzazi, mwenzi au mtoto, kiwanda hutoa jeneza au sehemu yake, unga, na makaa ya kuweka moto uani, maana waombolezaji watalala hapo na lazima wapikiwe. Kwa kawaida ni magunia mawili. Mzazi hufa mara moja, kwa hiyo msaada wake hutolewa mara moja. Hilaire alitoa hati ya msaada. Amwandike nani? Mama wa Rolly, fundi wa tanuri? Huko ni kumlaani mtu. Baba wa mlinzi? Hata hilo lilimtisha. Akawaza: kama ni lazima nimwandike mtu, niandike wangu, ambaye atanisamehe, tena ambaye nafanya yote haya ili nimrudishe. Akaandika: Maman Albertine, mama wa mhasibu, magunia sitini.

Magunia sitini kwa kilio kimoja! Hata chifu hakuwahi kuliliwa kwa moto wa namna hiyo. Lakini mjumbe wa kaskazini angejuaje watu wa Likasi wanalia kwa makaa kiasi gani? Hilaire akavuta pumzi, akala mchana wake, na jioni akalala usingizi mzuri.

Kosa lake halikuwa kwenye hesabu, lilikuwa mkononi. Hati ya kilio ina nakala tatu. Ya kwanza ya hesabu, ya pili ya ghala, na ya tatu ni ya Gaston, mlinzi wa lango, ambaye huibandika ukutani ili wenzake mfiwa kazini wajue na waende. Kwani msiba utakaofichwa kwa watu ni msiba gani? Miaka yote mkono wa Hilaire ulikuwa unaichana ile ya tatu na kuitia kwenye sanduku la Gaston bila kumwuliza mwenyewe. Siku ile nayo ukaichana.

Asubuhi ya pili yake ndiyo siku mjumbe alitazamiwa. Hilaire alikuwa anavaa suti yake ya harusi, mguu mmoja ndani ya kiatu, aliposikia yowe uani. Halafu yowe jingine. Halafu mayowe mengi kwa pamoja, ya wanawake, yale ambayo mtu hakosi kuyajua hata akiwa usingizini.

Alipotoka, ua ulikuwa umejaa. Mbele alikuwa Maman Simone, kiongozi wa akina mama wa kanisa, kitambaa kimefungwa kiunoni, mikono kichwani. Nyuma yake wake za wafanyakazi wa tanuri. Nyuma yao wanaume wenyewe, kofia mkononi, na Gaston akiwa ameanza wimbo wa wafu kwa ile sauti yake nzito. Wamekuja kabla ya kazi, na kuni kichwani, na kikapu cha unga walichochangishana, watu ambao wao wenyewe walikuwa wanakula mara moja kwa siku.

Colette alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Akaja mbio, mikono ina povu. "Ni nani? Ni nani?"

"Mama ya Papa Danielle," Maman Simone akamjibu kwa kilio, akimwita Hilaire kwa jina la binti yake. "Maman Albertine anatuacha!"

Colette hakuuliza la pili. Alianguka chini kama alivyokuwa, usoni kwanza, akajiviringisha kwenye vumbi akimwita mamamkwe wake. Huyo Albertine ndiye aliyempokea alipoolewa, ndiye aliyemwogesha mtoto wake wa kwanza. Na siku ya treni, Colette alimfuata hadi stesheni akimshika nguo mpaka askari wakamng'oa. Sasa alikuwa analia miaka mitatu yote kwa mara moja. Wanawake wanne walishindwa kumshika.

"Haiko kweli," Hilaire akasema.

Gaston akamkumbatia. "Lia, papa. Usizuie. Muntu mwanaume pia analiaka mama yake."

"Gaston, minasema haiko kweli."

"Njo vile, mwanzo muntu anakataa," Gaston akawaambia wenzake, na wote wakatikisa vichwa kwa huruma.

Rolly, fundi wa tanuri, mtu wa vitendo, akasogea. "Comptable, pole sana. Ile makala soixante, magunia sitini, iko wapi? Tuko na mukokoteni, tulete tuwashe moto."

Hilaire alimwona Colette akipiga kichwa chini. Akashindwa kuvumilia. Akapaza sauti kuliko alivyokusudia: "Mama iko muzima! Hakufa! Miye niliandika tu!"

Ua ukanyamaza. Mtu wa mwisho kunyamaza alikuwa mtoto wa jirani aliyekuwa analia kwa kuona wengine wanalia. Colette aliinua uso, vumbi na kamasi vimechanganyika, macho yamemtoka.

"Uliandika tu?" Maman Simone akauliza polepole.

"Juu ya makala. Juu ya hesabu ya bazungu. Patron alisema..." Na akaeleza, hapo uani, na kiatu kimoja mguuni, habari za kodi ya moshi na mipaka ya Ulaya na magunia yaliyokosa mahali. Kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa ya kijinga. Wanawake walifungua vitambaa vyao viunoni, wakafunga tena kwa hasira. Maman Simone akatema mate chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akifanya, akaokota kuni zake. Kikapu cha unga nacho kikaondoka.

Kisha Rolly akacheka. Alijaribu kuzuia, ikashindikana, kicheko kikatoka puani kwanza, kisha kifuani, na wanaume wote wakavunjika mbavu. Walikuwa wametoka nyumbani na machozi, sasa machozi yakatumika kwa kazi nyingine. "Soixante!" mmoja akasema akishika tumbo. "Maman ya comptable anakufa kwa soixante!"

Colette hakucheka. Alisimama, akajipangusa, akamkaribia mumewe mpaka pumzi zao zikagusana.

"Weye uliua mama yako juu ya makala," akamwambia. Wala hakupandisha sauti. "Mungu anasikiaka, Papa Danielle." Akaingia ndani.

Hilaire alifika kiwandani akiwa mtu wa kuchekesha mji mzima, na huko mshangao mwingine ulikuwa unamsubiri. Mjumbe alikuwa mwanamke, Madame Estelle, Mbelgiji mwenye ofisi Lubumbashi. Alikuwa amekwisha kupita kwenye karakana kabla ya mtu kumzuia, na alikuwa amesimama mbele ya tanuri la matofali, jedwali la Hilaire mkononi, moshi unamwingia machoni.

"Hili linachoma makaa ya kuni," akasema kwa Kifaransa chake cha polepole. "Mbona kwenye jedwali hayamo?"

Carlos akageuka mwekundu, kisha mweupe, kisha akamtazama Hilaire kama mtu anayemtazama mwokozi aliyechelewa. Hilaire hakuwa na nguvu ya kudanganya tena siku ile. Akasema ukweli: waliyaficha, ili bei isikatwe.

Madame Estelle akalishusha jedwali. "Lakini kwa nini?" Hakuwa na hasira, alikuwa hajaelewa kabisa. "Katika hesabu yetu kila nishati ina kizidisho chake. Makaa ya mawe yana kikubwa. Dizeli nayo inacho. Umeme wa Koni ni wa maji, ni sifuri. Na kuni, pamoja na makaa yake, ni sifuri. Tunahesabu kwamba moshi wa mti hurudi kwenye mti mwingine unaoota. Mngeandika magunia elfu, bado ingekuwa sifuri. Tunakata dizeli ya lori tu."

"Sifuri?" Carlos akauliza.

"Sifuri. Mngeuliza tu."

Hilaire aliketi juu ya rundo la shaba chakavu. Mimi msimuliaji sitaki kubishana na watu wa kaskazini. Kama miti iliyokatwa kuzunguka Likasi ilikuwa inaota tena, basi ilikuwa inaotea mahali ambapo macho yetu hayafiki. Lakini kodi ni yao na kizidisho ni chao. Hilaire aliuona tu uso wa Colette kwenye vumbi, na akaona kuwa yote yale, kuni kichwani mwa wanawake, wimbo wa Gaston, jina la mama yake kwenye lango, yamefanyika kwa ajili ya sifuri. Akaandika jedwali upya palepale, makaa yote mahali pake. Madame Estelle akatia saini. Mkataba ukapita.

Patron Carlos, kwa aibu au kwa furaha, akampa Hilaire nauli ya mama bila kuombwa mara mbili. Pesa zikaenda na Léon, mfanyabiashara wa mahindi aliyekuwa akisafiri kati ya Likasi na Mwene-Ditu. Colette akaanza kuzungumza tena na mumewe, kwanza maneno ya lazima, kisha hata ya mzaha. Alipaka chokaa chumba cha mama. Kiwandani, utani ulikuwa haujaisha wala haukuwa na mpango wa kuisha. "Comptable, mama iko namna gani? Akifa tena utujulishe mbele!" Hilaire aliuchukulia. Mama anakuja, wacheke tu. Siku mama atakaposhuka kwenye treni, Hilaire atawapeleka wote stesheni wamwone kwa macho yao.

Ndipo siku moja mchana wakamwita kwenye phonie ya parokia. Élise, mwanamke aliyeisimamia redio hiyo, alimpa kiti, na hakumtazama. Sauti ya Léon ilikuja na kupotea katikati ya mikwaruzo.

"Hilaire, unanisikia? À toi, zamu yako."

"Ninakusikia. Mama yuko kwenye treni? À toi."

Mikwaruzo. "Treni haikuja. Wiki ya pili hii. Alilala stesheni na mizigo yake, alikataa kutoka, aliogopa kupoteza nafasi. Homa ikamshika. Hilaire, mama ametutoka. Tumemzika juzi hapahapa, jua lilikuwa kali, hatukuweza kungoja. Kila mtu aliyepita alimwambia anakwenda kwao. Wakamwuliza kwenu wapi, mama? Akasema Likasi. À toi."

Ilikuwa zamu ya Hilaire kusema. Élise alikibonyeza kitufe kwa niaba yake, akangoja, akakiachia.

Nafasi ya kumzika kando ya baba ilikuwa imepotea. Kilichobaki kwa mama yake Likasi kilikuwa kilio tu, na kilio bila watu hakifanyiki. Nyumbani kulikuwa mbali, kiwanda kilikuwa karibu, na desturi inataka mfiwa aseme kwanza langoni kwa kinywa chake. Kwa hiyo alikwenda kiwandani. Ilikuwa saa ya kula. Wanaume walikuwa wameketi kivulini mwa ukuta na bakuli zao, Gaston kwenye kiti chake, Rolly amejilaza.

"Gaston," Hilaire akasema. "Ba papa. Mama alikufa."

Wakamtazama. Kisha Rolly akajiinua kwa kiwiko.

"Tena?" akasema. "Kwani patron iko na mukataba mupya?"

Walilipuka. Gaston alicheka mpaka akashika ukuta. Mmoja akapaliwa na ugali, wenzake wakampiga mgongoni wakiwa wanacheka wao wenyewe. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa kicheko cha watu wanaompenda mtu, waliokwisha kumsamehe, na wanaofurahi kwamba amejifunza hatimaye kujitania. Gaston akamshika bega na kumtikisa kwa upendo.

Hilaire alitaka kusema hapana, safari hii ni kweli, kaulizeni kwa Élise. Kinywa kilifunguka. Lakini mshtuko una mambo yake, na uso ule uliokuwa umezizimishwa na phonie haukujua tena njia ya kulia ilipo. Alihisi midomo inavutika, mbavu zinatikisika, na sauti ikamtoka, akaisikia kwa hofu kana kwamba ni ya mtu mwingine. Alikuwa anacheka pamoja nao. Alicheka mpaka machozi yakamlowesha shingo, na wao wakamwonyesha kidole wakazidi.

King'ora kikalia, wakarudi kwenye tanuri. Akina mama wa kanisa walipopelekewa habari jioni walituma mtu kwa Gaston kuhakikisha, na Gaston, kwa moyo mweupe, akawajibu wasijisumbue, comptable mwenyewe alikuwa anacheka. Colette aliwasha moto uani, akatandika mikeka yote waliyokuwa nayo, akaazima na mingine ya jirani. Usiku kucha mikeka ile ilibaki mitupu.